Msalaba si fimbo ya kumchapia mwenzio

Kuna maneno nimeyasikia mno, kuanzia kwenye kicheni pati mpaka kwa wazee wa kanisa: "Vumilia mwanangu, hata Yesu aliteseka." Anaambiwa dada aliyevimba jicho. Jamani!

Mimi ni Mkristo, na sadaka ya msalabani ndiyo kiini cha imani yangu. Lakini tuisome vizuri basi. Katika Yohana sura ya 10, Yesu anasema hakuna anayemnyang'anya uhai wake, anautoa mwenyewe. Mbuzi wa kafara haulizwi, anaburutwa tu. Huyu alikuwa na uwezo wa kukataa. Tena Waraka kwa Waebrania unasisitiza kwamba sadaka ile ilitolewa mara moja, ikatosha. Sasa hilo jicho la dada linalipia dhambi ipi?

Na nyie akina kaka mnaopenda Waefeso 5, mbona mnaishia mstari wa 22, ule wa mke kutii? Shukeni mpaka wa 25: anayeagizwa kujitoa kama Kristo ni mume. (Kwenye harusi huwa unasomwa harakaharaka, sijui kwa nini.)

Kujitoa kupo, na kuna raha yake. Unaamka saa tisa usiku kubembeleza mtoto ili mwenzio alale, unauza gari mlipe ada yake ya chuo, na hakuna aliyekulazimisha. Ila kama anayetoa ni wewe tu kila siku, na ukisita unatishwa, shosti, funga begi kwanza. Maombi utayaendeleza ukiwa kwa dada yako.