Bi Harusi Asifichwe Jua



Sisi tunaoshona nguo za harusi tunalisikia neno hili kila binti anapokuja kupimwa: "Nimekatazwa kutoka juani, nitaharibu rangi." Singo iendelee, na kutawa kuendelee. Lakini kulifanya jua adui wa bi harusi, hilo hatulikubali.

Jua ni dawa ya zamani. Mwaka 1903 daktari Niels Finsen wa Denmark alipewa Tuzo ya Nobel kwa kutibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga. Mwaka huohuo Auguste Rollier alifungua kliniki Leysin, milimani Uswisi, akawalaza juani wagonjwa wa kifua kikuu cha mifupa, kidogo kidogo, akianzia miguuni. Na miaka ya 1950, Rochford, Uingereza, muuguzi mwanamke aliyekuwa akiwatoa watoto njiti juani ndiye aliyegundua kuwa umanjano wao unafifia pale mwanga unapopiga. Hapo ndipo zilipoanzia taa zinazotibu watoto hospitalini hadi leo.

Ngozi ikipigwa na jua hutengeneza vitamini D, inayousaidia mwili kupata kalsiamu ya kujenga mifupa. Mama akiikosa, na mtoto tumboni huikosa, na mtoto anayeikosa sana hupata matege. Kukaa nyuma ya kioo cha dirisha hakusaidii, na buibui zito huzuia. Sisi wenye ngozi nyeusi tunahitaji muda zaidi kuliko weupe.

Je, tuvue stara? Hasha! Bibi zetu walikuwa na ua. Walichambua mchele uani, kichwa wazi na mikono wazi, bila kuonwa na ajnabi. Leo wengi tunaishi ghorofani, ua hatuna. Basi tutafute paa lililositirika, au twende uani kwa mama, robo saa mara chache kwa wiki, bila kuiacha ngozi iungue. Mwenye ualbino asijaribu. Mjamzito na anayeumwa mifupa aulize kliniki. Mtoto mchanga mwenye umanjano apelekwe hospitali, asianikwe nyumbani.

Kina mama na masomo, mtoeni mwari uani. Weupe wa fungate ni wa siku saba, mifupa ni ya umri mzima.

Allah atujaalie afya na ndoa zenye kheri. Amin.