Majirani wananunua ndege, nani atazitengeneza?

MWEZI Juni 2025 Umoja wa Ulaya uliyafungia anga yake mashirika yote ya ndege yenye cheti cha Tanzania. Air Tanzania ilikuwa imetangulia kufungiwa, Desemba 2024. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni uhaba mkubwa wa wataalamu wenye sifa katika kusimamia usalama wa anga.

Sisi Warundi hatuna la kucheka. Air Burundi iliacha kuruka mwaka 2009, na mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Swali linatuhusu sote: mtaalamu huyo hutoka wapi? Mkaguzi wa ndege mara nyingi ni mtu aliyeanza akiwa fundi, mikono yake ikiwa imejaa grisi.

Ndege ukanda wetu unazo. Tanzania imekuwa ikinunua ndege mpya tangu mwaka 2016, Uganda ilifufua shirika lake Agosti 2019, na Rwanda ina la kwake. Kinachopungua ni njia ya kumfikisha kijana wa kawaida kwenye leseni ya kuzitengeneza.

Hapa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi unajulikana kwa gereji zake. Kijana mmoja niliyemfundisha Kiingereza anafungua injini ya Toyota na kuirudisha bila kubakiza hata nati moja. Hakusomea popote, alikaa na fundi mkubwa hadi akajua. Siku moja aliniuliza: "Mwalimu, kwa nini na ndege nisijifunze hivihivi?"

Jibu ni kwamba sheria haimkatazi. Kanuni za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO) zinataka mwombaji wa leseni kamili ya fundi ndege awe na umri usiopungua miaka 18 na uzoefu wa kazi wa miaka minne. Akiwa amemaliza kozi iliyoidhinishwa, hupunguziwa na kubaki miaka miwili. Baada ya hapo ni mitihani.

Marekani muda ni mfupi zaidi: miezi 18 ya kazi kwa anayetaka leseni ya umbo la ndege au ya injini, na miezi 30 kwa anayezitaka zote mbili. Kisha hufanya mtihani wa kuandika, wa kujieleza kwa mdomo na wa vitendo. Ulaya ni wagumu zaidi. Kwa ndege za injini za tabo, asiye na mafunzo yoyote ya ufundi hutakiwa miaka mitano ya kazi. Aliyetoka chuo kilichoidhinishwa, miwili.

Lakini karakana ya ndege si gereji. Gereji, gari likiwaka na mteja akalipa, kazi imekwisha. Kwenye ndege, kazi isiyoandikwa ni sawa na kazi isiyofanyika. Nati hukazwa kwa kipimo kilichoandikwa kitabuni, na spana inayopima nguvu hiyo nayo ina tarehe yake ya kukaguliwa. Mwanafunzi huandika tarehe, namba ya ndege na kazi aliyofanya, na fundi mwenye leseni husaini. Huyo mwenye leseni ndiye anayeiruhusu ndege irudi angani, na likitokea la kutokea, ndiye atakayeulizwa.

Halafu kuna lugha. Vitabu vya matengenezo huandikwa kwa Kiingereza, nasi wengi wetu tumesoma kwa Kifaransa. Si Kiingereza cha hadithi. Watengenezaji wa ndege wamekirahisisha kwa kamusi ya maneno yasiyozidi elfu moja hivi, na kila neno lina maana moja. Mwalimu mwenye bidii anaweza kukifundisha.

Kwa hiyo mlango upo, ila ufunguo wake ni saini. Pasipo ndege hakuna kazi, na pasipo fundi mwenye leseni hakuna wa kusaini. Kijana anaweza kubeba masanduku ya spana miaka kumi uwanjani, na mbele ya mamlaka akahesabiwa hajaanza.

Uzito wa karatasi naujua. Nilizaliwa na kusomeshwa Mishamo, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi wa mwaka 1972. Niliporudi nyumbani mwaka 2009 na vyeti vyangu, ofisi moja ilinizungusha miezi minane kabla ya kuvitambua. Elimu ilikuwa kichwani, lakini sikuweza kusimama mbele ya darasa.

Historia nayo ina somo. Shirika la ndege la Afrika Mashariki lilianza mwaka 1946, na karakana zake kubwa zilikuwa Embakasi, Nairobi. Lilipovunjika mwaka 1977, Tanzania na Uganda zilijikuta na abiria na viwanja, lakini karakana zimebaki kwa jirani. Kununua ndege peke yake hakukuziba pengo hilo.

Leo tuna Jumuiya tena, na Burundi ni mwanachama tangu mwaka 2007. Mwaka huohuo ndio ulioanzishwa wakala wa usalama wa anga wa Jumuiya, wenye makao yake Entebbe. Uganda ina chuo cha anga cha Soroti, kilichoanzishwa mwaka 1971 kwa ajili ya ukanda mzima.

Hivyo basi, kila shirika linaloendeshwa kwa fedha za umma litakiwe kupokea wanagenzi, wakiwamo wa nchi wanachama zisizo na ndege. Na kitabu cha kazi kilichosainiwa Entebbe au Dar es Salaam kihesabiwe Bujumbura bila kumzungusha mwenye nacho.

Kijana wangu nilimwambia amalize kwanza fizikia na Kiingereza. Nikamwonya kwamba matangazo ya vyuo ni mengi, na baba yake asije akauza shamba kwa ajili ya tangazo. Kabla ya kulipa hata faranga moja, aulize mambo mawili: je, chuo hiki kimeidhinishwa na mamlaka ya anga? Na nikimaliza, nitafanya kazi kwenye ndege ya nani, na nani atasaini kitabu changu?

Wakishindwa kumjibu la pili, arudi zake Buyenzi. Huko angalau injini zipo.