Kaka ana uwanja, dada yuko wapi?

Najua nimeadimika. Mitihani ilinibana, karatasi mbili za kuandika zilinibana, halafu baridi ya huku nayo ikamalizia. Kwa wale mliouliza kama bado niko hai, niko hai, nakula, na wiki hii nina hasira. Hasira ya softiboli.

Najua walioko Mlimani na Dodoma mtasema, "huyu dada kapotea, kaenda Marekani kusoma sasa anatuletea michezo ya Wazungu." Subirini kwanza. Mliocheza rede shule ya msingi mtanielewa haraka kuliko wanaume wote waliopo humu. Unakumbuka ule mpira wa soksi, wawili wanarusha huku na huku, na wewe katikati unakwepa huku unajaza mchanga kwenye chupa? Basi softiboli ni wasichana wanaojua kurusha, ila hawa wanarusha kwa kuzungusha mkono chini kwa chini, kutoka mita 13 tu, na warushaji wakali mpira unatoka mkononi kwa kasi ya zaidi ya kilomita 110 kwa saa. Mpigaji ana gongo na muda wa kupepesa jicho. Mizunguko saba, mechi imekwisha, unarudi kusoma. Sio kama besiboli ya wanaume, ambayo unaweza kwenda kufua nguo na kurudi hujakosa kitu.

Kilichonipandisha hasira ni mabishano hapa bwenini. Kuna kijana mmoja (jina namhifadhia) alisema vyuo vyote vikubwa vya huku tayari vina timu ya softiboli ya wanawake, na ambavyo havina "vina sababu zake." Nikamwambia tuhesabu. Tukahesabu.

Kuna ligi nne kubwa za michezo ya vyuo huku: SEC, Big Ten, ACC na Big 12. Zikijumlishwa ni vyuo 68. Msimu wa 2025 vyuo kumi katika hivyo havikuwa na timu ya softiboli: Vanderbilt, USC, Miami, Wake Forest, SMU, TCU, Kansas State, West Virginia, Cincinnati na Colorado. Sasa angalieni vizuri hiyo orodha. Colorado na SMU hawana hata besiboli ya wanaume, hao nawaacha, angalau wamewanyima wote. Lakini wanane waliobaki WANA besiboli. Kaka ana uwanja, ana gongo, ana jezi, ana kocha. Dada anaambiwa akakae jukwaani ashangilie.

Na sio besiboli ya kubahatisha. USC wana makombe 12 ya taifa, hakuna chuo kinachowafikia. Miami wana manne. Vanderbilt wamechukua 2014 na 2019. Wake Forest wana lao moja la 1955. Hivyo ni vyuo vinavyoujua mchezo wa gongo na glovu kuliko karibu wote. Halafu tunaambiwa wana sababu zao!

Haya, tuzisikie hizo sababu.

Ya kwanza ninayoisikia ni masomo. Eti vyuo vya binafsi, vidogo, vya wenye akili nyingi, havina nafasi ya kulea kila mchezo. Kweli, sita kati ya hao kumi ni vya binafsi. Lakini Stanford nayo ni ya binafsi, na ilikuwa kwenye fainali za Oklahoma City 2023 na 2024. Northwestern ni ya binafsi, na ni mji wa baridi kali karibu na Chicago, lakini 2006 walicheza mechi ya mwisho ya ubingwa na 2022 wakarudi kwenye fainali hizo. Kuna aliyewahi kusema Stanford wanafeli kwa sababu wasichana wao wanarusha mpira? Mimi sijamsikia.

Ya pili ni kwamba wamechelewa, ukianza leo utapigwa miaka ishirini. Hii ndiyo inayonichekesha zaidi. Duke walicheza msimu wao wa kwanza 2018. Mwaka 2021 wakachukua kombe la mashindano ya ACC, na 2024 wakawa miongoni mwa timu nane za fainali za taifa. Miaka sita tu! Mtoto aliyezaliwa siku timu inaanza alikuwa bado darasa la kwanza. Clemson walianza 2020, msimu ukakatizwa na korona, na mwaka uliofuata wakaongoza msimamo wa ACC. Alabama, ambao leo kila mtu anawaona kama walikuwepo tangu enzi za Adamu, walianza 1997 na kuchukua ubingwa wa taifa 2012, chuo cha kwanza cha SEC kufanya hivyo. Na kuna Texas Tech. Hawakuwahi kufika fainali za taifa hata mara moja. Mwaka 2024 wakamchukua NiJaree Canady, mrushaji kutoka Stanford, kwa mkataba wa zaidi ya dola milioni moja, na 2025 wakafika mpaka mfululizo wa mwisho, wakafungwa na Texas mechi mbili kwa moja. Mchezo huu ukiwa na mrushaji mmoja mwenye mkono, unatisha nchi nzima. Kuna mchezo gani mwingine wa timu ambao unaruhusu njia ya mkato namna hiyo?

Ya tatu, hela. Hapa ndipo penye mzizi, na hapa nakubali tuongee taratibu kidogo.

Mwezi wa sita 2025 mahakama ilipitisha makubaliano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo moja kwa moja. Kwa mwaka wa masomo wa 2025 hadi 2026 kiwango cha juu kilikuwa dola milioni 20.5 kwa kila chuo. Ni jambo la haki, hao vijana walifanyishwa kazi bure miaka mingi. Lakini sehemu kubwa ya hizo hela inakwenda kwenye mpira wa miguu wa Kimarekani na kikapu cha wanaume, na mara tu makubaliano yalipopita, wakuu wa michezo wakapata wimbo mpya: hatuwezi kuongeza mchezo wowote sasa hivi, hali ni ngumu. Hali ni ngumu kwa nani? Makubaliano hayo hayo yanaruhusu timu ya mpira wa miguu wa Kimarekani kuwa na wachezaji 105. Mia moja na tano! Uwanjani wanaingia kumi na mmoja. Softiboli mwisho ni 25.

Na kuna sheria. Tangu 1972 kuna ile wanayoiita Title IX, inayosema chuo kinachopokea fedha za serikali kisiwabague wanawake, na michezo imo ndani. Mojawapo ya njia za kupimwa ni kuangalia kama idadi ya wanamichezo wanawake inalingana na idadi ya wanafunzi wanawake chuoni. Ukiwa na vijana 105 upande mmoja, lazima uweke wasichana mahali. Ndiyo maana vyuo vingi hapa vina timu kubwa sana za kupiga makasia, mashua moja inabeba wasichana tisa na hesabu inatimia haraka. Sina ugomvi na makasia. Ila wasichana wengi wanaoingia humo hawajawahi kushika kasia maishani, wanafundishwa wakiwa tayari chuoni. Softiboli ni kinyume chake. Wasichana wa huku wanaicheza tangu wadogo, shule za sekondari zina timu, kila kitongoji kina kiwanja. Mahitaji yapo tayari, yamejaa mpaka pomoni, halafu chuo kinakwenda kutafuta mchezo ambao watu wanatakiwa kuanza kufundishwa upya. Huo ni uhasibu jamani, tusiuite malezi ya vipaji.

Skolashipu ndiyo kitu chenyewe hapa. Zamani timu ya softiboli ilikuwa na ufadhili wa watu 12 tu, unagawanywa vipande vipande. Chini ya utaratibu mpya chuo kikitaka kinaweza kuwalipia wote 25. Kwa chuo kama Vanderbilt, ambako ada peke yake ukiigeuza kuwa shilingi utahisi kizunguzungu, hizo ni nafasi 25 za msichana wa fundi bomba au wa mwalimu kupita geti ambalo lisingefunguka. Mimi niliyekuja huku kwa ufadhili najua geti hilo lina uzito gani.

Sasa nani aanze? Mimi ningekuwa na fimbo ningewachapa kwa mpangilio huu.

Vanderbilt hawana pa kujificha. SEC ina vyuo 16 na 15 vina softiboli, na ndiyo ligi kali kuliko zote. Mwaka 2025 timu 14 kati ya hizo 15 ziliingia kwenye mashindano ya taifa, na bingwa, Texas, akatoka humo humo. Yaani karamu iko sebuleni kwako na wewe umejifungia chumbani. Wasiniambie kuongeza mchezo haiwezekani, maana 2025 walianzisha voliboli ya wanawake. Hongera kwa hilo, kwa dhati kabisa. Lakini wameshaonyesha kwamba wakitaka wanaweza.

USC nao ni aibu ya aina yake. Wako Los Angeles, jua mwaka mzima, California imejaa wachezaji. Jirani zao UCLA walichukua ubingwa wa kwanza wa NCAA 1982 na sasa wana makombe 12 ya softiboli. Kumi na mbili, idadi sawasawa na makombe ya USC ya besiboli. Mji mmoja, dada wa nyumba ya pili ana makombe 12, wa nyumba hii hana hata kiwanja. Tangu 2024 wote wawili wako Big Ten, ligi ya vyuo 18, na USC ndio peke yao wasio na timu. Minnesota wanayo! Kule theluji inakaa mpaka unasahau rangi ya majani. Na kuna hili la Olimpiki: michezo ya 2028 inafanyika Los Angeles, softiboli imerudi, lakini waandaaji waliamua mechi zake zichezwe Oklahoma City, karibu kilomita 2,000 kutoka hapo, kwa sababu kule kuna uwanja tayari wenye nafasi ya watu kama 13,000. Huo ndio uwanja wa fainali za vyuo, na ule hujaa, msiniambie eti hakuna anayeangalia. Sisemi timu ya USC ingebadilisha uamuzi huo. Nasema ingekuwa inacheza miaka yote hii mji wenyewe ungeuliza maswali.

Miami, na nyie, Florida nzima inacheza. Florida wamechukua 2014 na 2015, Florida State 2018. Mko katikati ya joto mnafanya nini? Wake Forest waangalie Duke, wako jimbo moja, wakaazime ramani. Kansas State, West Virginia na Cincinnati nawapa msamaha nusu kwa ajili ya baridi na mifuko, nusu tu, kwa sababu Kansas na Iowa State wana baridi hiyo hiyo na wanacheza.

Lakini wa kwanza kabisa, kwangu mimi, ni TCU. (Wanajiita Horned Frogs, na huyo mnyama wala si chura, ni mjusi. Hayo tuyaache.) Wako Fort Worth, Texas. Fainali ya 2025 ilikuwa Texas na Texas Tech, jimbo lao tupu. Besiboli wanayo na wanafika mbali. Wasichana wa mitaa ya jirani wanakua na gongo mkononi, kisha wanahama mji kwenda kuwachezea wapinzani. Na TCU ni hao hao waliochukua ubingwa wa taifa wa voliboli ya ufukweni 2025. Ya UFUKWENI. Nawapongeza, wasichana wale ni hatari. Lakini ina maana kuna siku watu walikaa mezani, wakaona inafaa kuleta mchanga kwa malori, kumwaga, kusawazisha na kutafuta kocha, mbali kabisa na maji ya chumvi, ili wasichana wacheze. Halafu watu hao hao ukiwaambia softiboli, ambayo inahitaji udongo ambao Texas imejaliwa kuliko kitu kingine chochote, wanasema ni ngumu.

Yule kijana wa bwenini bado anabisha. Namsubiri jioni kantini, na swali langu ni moja tu: Fort Worth ina bahari gani?