Mto Bondeni, Kiu Kilimani: Tuusomeje Utabiri wa Vuli?

Kiangazi cha mwezi wa sita hadi wa nane, ambacho wazee wetu hukiita ekyanda, kinapoelekea ukingoni, maswali mawili husikika katika vigango vya Rugera na katika vilima vyote vya Karagwe na Kyerwa: mvua itaanza lini, na maji yaliyopo yatatufikisha huko? Swali la kwanza hujibiwa kwa sehemu na Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA), ambayo kila mwaka hutoa mwelekeo wa mvua za Vuli kabla msimu haujaanza. La pili hatuwezi kujibiwa na mtu aliyeko Dar es Salaam au Dodoma.

Anayeitazama Kagera kwenye ramani atashangaa kusikia tunalia kiu. Mashariki liko Ziwa Victoria. Magharibi na kaskazini, Mto Kagera unatuzunguka kama mshipi, ukitutenganisha na Rwanda na Uganda. Lakini mawingu ya ziwani humwaga sehemu kubwa ya mzigo wao ufukweni. Bukoba hupata takriban milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Huku kwetu tunapata nusu ya hizo au pungufu. Nao mto uko chini bondeni, kaya ziko juu mgongoni mwa vilima, na kuyapandisha maji hadi huko kunataka pampu, nishati na mtu wa kulipia vyote viwili. Ndiyo maana mwaka 2024, Ziwa Victoria lilipofikia kina kisichowahi kurekodiwa na kuwafukuza watu kwenye nyumba zao ufukweni, hakuna dumu la kilimani lililojaa kwa sababu hiyo.

Utabiri wa msimu usomwe kwa utulivu. TMA wanaposema mvua zitakuwa za “wastani hadi chini ya wastani”, hawasemi kwamba mvua haitanyesha, wala hawaapi. Wanasema uwezekano umeelemea upande gani, baada ya kupima joto la Bahari ya Pasifiki na la Bahari ya Hindi. Kumbukumbu za karibuni zinawapa haki ya kusikilizwa. La Niña ilitawala tangu 2020 hadi mwanzoni mwa 2023. Katika kipindi hicho Pembe ya Afrika ilikosa mvua misimu mitano mfululizo, na Oktoba 2022 kina cha Mto Ruvu kilishuka hadi wakazi wa Dar es Salaam wakapewa maji kwa mgawo. Kisha ikaja El Niño, na Desemba 2023 tukawaombolezea ndugu zetu wa Hanang waliofunikwa na maporomoko ya tope. Kwetu magharibi uhusiano huo na bahari ni legevu kidogo kuliko pwani, kwa kuwa tunapokea pia unyevu unaotoka misitu ya Kongo. Mwaka mbaya kwa Tanga si lazima uwe mbaya vilevile kwa Kyerwa.

Tena jumla ya mvua si kitu pekee cha kutazama. Kinachowaumiza wakulima wetu mara nyingi ni mtawanyiko. Mvua ya mapema Septemba inaotesha maharage, kisha jua linawaka wiki mbili au tatu na miche inakauka. Mama aliyekwisha kupanda mbegu yake yote hana ya kurudishia. Migomba nayo, yenye mizizi isiyokwenda chini sana, huanza kukunja majani mapema. Anayegawa mbegu yake mara mbili hajapungukiwa imani.

Tunalisema hili kwa sababu wapo waamini wanaodhani kufuatilia utabiri ni kumpangia Mungu, na wapo wengine wanaocheka tukiadhimisha Misa ya kuomba mvua. Misale ya Kanisa ina sala hiyo, na hatuna sababu ya kuionea haya. Lakini tumtazame Eliya juu ya Karmeli (1 Waf 18). Aliinama akasali, na wakati uleule akamtuma mtumishi wake mara saba akaangalie upande wa bahari. Kiwingu kidogo kilionekana kikipanda kutoka baharini, kulekule wanakoelekeza macho wataalamu wetu leo.

Yeremia naye anaeleza ukame (Yer 14), na kuna jambo dogo pale ambalo husomwa haraka: wakubwa wanawatuma wadogo kwenda kuteka, nao wanarudi na vyombo vitupu, wameona haya. Tangu zamani anayetumwa ni mdogo. Kwetu ni msichana wa shule, anayeshuka bondeni alfajiri na kufika darasani amechelewa na kuchoka. Papa Fransisko katika Laudato si' (2015) alifundisha kwamba maji salama ni haki ya msingi ya kila binadamu. Haki hiyo haina maana kama gharama yake inalipwa kwa masomo ya binti.

Basi tutazame juu, kwenye mabati yetu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Kanisa la kigango lenye upana wa mita 10 na urefu wa mita 25, mvua moja ya milimita 20 ikinyesha, paa lake linapokea lita 5,000, yaani madumu 250 ya lita 20. Kwa makanisa mengi maji hayo yanaanguka chini, yanachimba msingi na kwenda zake. Nyumba ya mita 50 za mraba hupata madumu 50 kwa mvua ileile. Shirika la MAVUNO hapa Karagwe limekwisha kuonesha, kwa matangi ya chini ya ardhi yanayojengwa kwa tofali za udongo, kwamba akiba hii haihitaji teknolojia ya kutoka mbali. Tangi ni ghali kwa kaya moja, hilo ni kweli. Kwa jumuiya ndogondogo inayochanga na kujengeana kwa zamu, linawezekana, na tungependa kuona kigango kikianza na tangi kabla ya kupaka rangi mpya ukutani.

Chemchemi ni habari ngumu zaidi, maana inagusa mashamba ya watu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Mikaratusi iliyopandwa mabondeni, inayokunywa bila kushiba, inajulikana na kila mtu, na wenye nayo ni majirani zetu wanaotegemea nguzo hizo kulipa ada. Kuwaambia wang'oe bila kuwapa njia nyingine si haki. Mradi wa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ni uhai, umewasaidia wakulima wa wilaya zetu kupanda miti mchanganyiko mashambani mwao; njia hiyo tunaiona ni ya heri kuliko shoka la ghafla.

Pale penye mabomba ya RUWASA, vyombo vya watumia maji vinakwama kwa jambo moja: wengi hawataki kulipa, wakisema maji ni ya Mungu. Ni ya Mungu kweli, ila pampu si yake. Halmashauri za Walei zitume kwenye kamati hizo watu waaminifu wanaojua hesabu, na mapato na matumizi yasomwe hadharani, kwa kuwa mara nyingi anayekataa kulipa amewahi kuona fedha ikipotea.

Kabla ya Septemba, mifereji ya mabati isafishwe na nyufa za matangi zizibwe. Mvua ya kwanza huosha vumbi la miezi mitatu na kinyesi cha ndege; hiyo iachwe ipite, inayofuata ndiyo ielekezwe tangini.