Filamu ya watoto ianzie mtaani kwao

Nafundisha darasa la nne huku Temeke. Waulize wanafunzi wangu wanyamapori ni akina nani, watakutajia simba, tembo na twiga, ambao wengi wao wamewaona kwenye televisheni tu. Kunguru anayewapokonya mihogo saa ya mapumziko hawamtaji. Popo wanaovamia mkungu uwanjani jua likizama nao hawamo. Filamu tunazowaonyesha zimewafanya waamini kwamba pori liko Serengeti, na mimi nasema filamu hiyohiyo iwafumbue macho waone mtaa wao.

Mchukue kunguru. Huyu mwenye shingo ya kijivu si wa asili ya hapa. Aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili apunguze taka, akazaana, akaenea mpaka Dar es Salaam na Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine. Haya yote niliyaandika ubaoni, watoto wakanakili, wakasahau.

Tulipotazama simu ikawa habari nyingine. Kwa ruhusa ya mama lishe jirani na shule, tulirekodi kibanda chake. Kunguru katulia ukutani, anamwangalia. Mama kageuka kukoroga maharage. Ndege kashuka, kaingiza mdomo chini ya mfuniko wa ndoo ya mabaki, kausukuma pembeni, kachomoa utumbo wa samaki. Darasa likapiga kelele irudiwe. Halafu binti mmoja, mkimya siku zote, akauliza: mbona ndoo haikufungwa vizuri?

Hapo ndipo somo lilipoanza. Tukazungumza habari za gari la taka, ambalo likichelewa watu humwaga uchafu mtaroni. Tukamrekodi bibi mfuga kuku, akatuonyesha anavyowafunika vifaranga kwa tenga kunguru wasiwanyakue. Ndege alitupeleka kwa majirani, na majirani wakaeleza kwa nini ndege amejaa.

Ceyda Torun alipita njia hiyo Istanbul katika Kedi, filamu ya mwaka 2016: anawafuata paka wa mitaani, nawe mtazamaji unajikuta umewafahamu watu wanaowalisha. Kwetu uwezo upo. Ubongo Kids, katuni za Kiswahili zinazotengenezwa hapahapa Dar es Salaam, zinafundisha hesabu na sayansi tangu mwaka 2014.

Kwa hiyo naomba vituo vya televisheni vitenge muda kwa filamu fupi za mitaani, za kunguru, popo na kenge wa mitaroni, wenyeji wakiwa ndio wasemaji. Walimu wenzangu, simu zenu zinatosha kuanzia. Na ofisi za serikali za mitaa zitundike shuka jeupe uani jioni moja, ziwaite wazazi na mama lishe watazame pamoja na watoto, maana ndoo na mapipa yako mikononi mwao.