Video iliyolala huzungushwa, haivutwi

Mtoto anapiga hatua ya kwanza, mzazi anawahi simu na kurekodi. Jioni video inafunguliwa imelala ubavu, na familia nzima inapinda shingo. Mara nyingi simu ilielekezwa chini sana ikashindwa kutambua upande wa juu, au iligeuzwa baada ya kuanza kurekodi.

Dawa ni kuizungusha. Kwenye Google Photos, mzazi hufungua video, hugusa sehemu ya kuhariri, kisha alama ya kukata picha na ile ya kuzungusha. Kila mguso huigeuza nyuzi 90. Ikikaa sawa, huhifadhi nakala.

Sura huharibika baada ya hapo. Video ya 1920 kwa 1080 ikizungushwa huwa 1080 kwa 1920, hivyo kwenye televisheni huacha weusi pande mbili. Anayeivuta ijaze kioo humnenepesha mtoto. Anayeikuza humkata kichwa au miguu. Weusi huo uachwe tu.

Hatua ya kwanza hairudiwi. Video ya awali isifutwe kabla nakala haijatazamwa hadi mwisho.