Pamba Jiji haishuki msimu huu, kazi ipo ikishazoea

Ligi Kuu Bara ya msimu wa 2024/25 inaanza Ijumaa hii na hapa Bariadi swali ni moja tu. Ukikaa kijiwe cha bodaboda pale stendi, ukiingia saluni, ukienda hata kwenye mizani ya AMCOS ambako wakulima wanapima pamba yao, utaulizwa hilo hilo: Pamba Jiji itabaki? Wakati wa Nanenane pale Nyakabindi nimeona watu wamewaacha ng'ombe wa maonyesho wamesimama peke yao, wao wanabishana beki ya Pamba.

Jibu langu nalitoa mapema, asije mtu Mei mwakani akasema nilikaa kimya kwa uoga. Pamba haishuki. Natabiri itamaliza kati ya nafasi ya tisa na ya 12, na mechi za mtoano itaziangalia kwenye runinga kama sisi wengine.

Ila nina neno la pili, na ndilo lililonikalisha kuandika. Timu nyingi za Kanda ya Ziwa haziuawi na msimu wa kwanza. Zinauawa baadaye, watu wakishalala.

Kwa nini sisi Simiyu tujali timu ya Jiji la Mwanza? Kwanza, hatuna yetu. Mkoa huu ulianzishwa 2012, una wilaya tano za Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, na tangu siku hiyo hakuna timu ya Simiyu iliyocheza Ligi Kuu. Mtoto wa Meatu anayetaka kumuona mchezaji wa Ligi Kuu kwa macho yake, siyo kwenye kibandaumiza, lazima asafiri. Pili, jina lenyewe linatoka kwenye mashamba yetu. Simiyu ndiyo inayoongoza nchini kwa kilimo cha pamba. Ukisema Pamba, mzee wa Maswa anajua unamzungumzia yeye.

Tatu, Kirumba siyo mbali. Unatoka Bariadi asubuhi, unapita Lamadi, unaishika barabara ya Musoma kwenda Mwanza, Nyashimo, Magu, Kisesa, na mchana unakunywa soda jirani na uwanja. Kwa miaka minne hakukuwa na timu ya Jiji la Mwanza ya Ligi Kuu ya kuifanyia safari hiyo. Mbao na Alliance zilishuka pamoja 2020, Jiji likabaki na uwanja mkubwa bila timu yake ya Ligi Kuu.

Sasa imerudi timu ambayo wazee wakiitaja wanavua kofia. TP Lindanda, Wana Kawekamo. Hii ndiyo Pamba ya kina Khalfan Ngassa, baba yake Mrisho. Pamba ya George Masatu, Fumo Felician na Kitwana Suleiman. Mwaka 1990 iliifunga Anse Boileau ya Shelisheli mabao 12-1 kwenye Kombe la Washindi Afrika, na mwaka huohuo ikabeba ubingwa wa Ligi ya Muungano. Halafu 2001 ikashuka, na ikakaa huko chini miaka 23. Kuna vijana waliozaliwa, wakasoma, wakaoa, hawajawahi kuiona Pamba Ligi Kuu. Mmojawapo ndiye anayeandika hapa, ingawa bado sijaoa.

Turudi kwenye utabiri. Kutabiri msimu siyo ramli. Wamarekani wanatabiri hadi timu za vyuo. Hasheem Thabeet wetu alipokuwa anacheza kikapu Chuo Kikuu cha Connecticut, kabla ya msimu wa 2008/09 waandishi waliiweka timu yake nafasi ya pili nchi nzima, nyuma ya North Carolina. Msimu ulipoisha North Carolina ndiyo ilikuwa bingwa, na Connecticut ya Hasheem ilifika nusu fainali. Wale jamaa hawakuwa na mganga. Waliangalia nani amebaki, nani ameondoka, kocha ni nani na historia inasema nini. Basi na sisi tuiangalie Pamba kwa macho hayo hayo.

Aliyeipandisha Aprili 2024 ni kocha Mbwana Makata. Ilishika nafasi ya pili nyuma ya KenGold ya Mbeya. Kwa kuanza msimu wa 2024/25 benchi alikabidhiwa Mserbia Goran Kopunovic, ambaye siyo mgeni wa nchi hii. Aliwahi kuifundisha Simba 2015, na msimu wa 2023/24 alikuwa Tabora United, timu iliyokuwa imepanda daraja kama Pamba ya sasa. Anaijua ligi, anajua pia presha ya timu changa. Lakini nitakuwa muongo nikisema namuona akimaliza msimu. Timu iliyokaa nje miaka 23 ina viongozi na mashabiki wenye haraka, na sare tatu mfululizo nyumbani zinatosha kumfungisha mtu mabegi. Sitashangaa tukifika Krismasi na kocha mwingine.

Kikosi kina sura nyingi mpya, na hilo huwa ni tatizo la miezi miwili ya mwanzo. Watu hawajazoeana, mabao yatakuwa ya shida. Tegemea sare nyingi, tena za kuchosha. Mbele yupo George Mpole. Huyu ndiye aliyekuwa mfungaji bora wa ligi msimu wa 2021/22 akiwa Geita Gold, mabao 17, akimpita Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Siyo Mpole yule wa wakati ule, ila straika aliyewahi kufika pale hasahau njia. Simuombi mabao 17. Akifunga manane, Pamba imebaki.

Hesabu yangu ni hii. Ligi ina timu 16, kila moja inacheza mechi 30. Timu mbili za mkiani zinashuka moja kwa moja, ya 13 na ya 14 zinaenda mtoano. Pamba ina mechi 15 Mwanza. Ikishinda sita, ikatoa sare sita na kupoteza tatu, hizo ni pointi 24. Ugenini ikishinda mbili tu na sare tano, ni pointi 11. Jumla 35. Kwa ligi yetu, mwenye 35 analala usingizi. Na hesabu hiyo inampa ruhusa ya kufungwa mechi nane ugenini! Ndiyo maana nasema Ijumaa dhidi ya Tanzania Prisons pale CCM Kirumba siyo mechi ya kufungua ligi tu. Pointi za kubaki zinaokotwa kwa timu kama Prisons, nyumbani. Ukienda Dar es Salaam kwa Simba, Yanga na Azam ukarudi na pointi moja, shukuru Mungu.

Historia nayo iko upande wa Pamba. Angalia timu hizi saba za kanda yetu zilizopanda kati ya 2014 na 2021. Stand United ya Shinyanga ilipanda 2014, ikashuka 2019. Toto Africans na Mwadui zilipanda 2015, Toto ikashuka 2017 na Mwadui 2021. Mbao ilipanda 2016, ikashuka 2020. Alliance na Biashara United ya Mara zilipanda 2018, Alliance ikashuka 2020, Biashara 2022. Geita Gold ilipanda 2021, ikashuka 2024.

Umeona? Timu saba, na hakuna hata moja iliyoshuka msimu wake wa kwanza. Zote zilibaki. Na kufikia 2024 zote saba hazikuwepo Ligi Kuu.

Hapo ndipo usingizi unaponikatika. Mkulima wa Itilima atakuelewesha vizuri kuliko mimi. Pamba kuota siyo kazi, mvua ikinyesha inaota. Kazi ni ikishatoa vitumba, maana funza anakuja wakati huo, wewe ukiwa umeshaanza kupiga hesabu ya bati na baiskeli.

Funza wa timu zetu tunamjua. Stand United alikuja kwa sura ya mgogoro wa uongozi. Timu ilikuwa na mdhamini wa mgodi, watu wakagombana nani mwenye timu, mdhamini akaondoka. Biashara United alikuja kwa sura ya safari. Mwaka 2021 ilikuwa Kombe la Shirikisho Afrika, ikaifunga Al Ahly Tripoli 2-0 Dar es Salaam, kisha ikashindwa kufika Libya kwa mechi ya marudiano. Miezi michache baadaye ikashuka daraja. Mbao ilifika fainali ya Kombe la FA 2017, ikaisumbua Simba mpaka dakika za nyongeza pale Dodoma na kufungwa 2-1. Miaka mitatu baadaye haikuwepo. Geita Gold ilimaliza ya nne msimu wake wa kwanza na kucheza Afrika. Mfungaji wake bora akaondoka kwenda FC Lupopo ya DR Congo, na timu haikupata Mpole mwingine. Msimu wa tatu, chini.

Aliyebaki muda wote huo mpaka 2024 alikuwa Kagera Sugar, na sababu haihitaji shahada. Ana kiwanda nyuma yake. Mwezi ukifika mshahara upo, iwe amefungwa au ameshinda.

Pamba Jiji nyuma yake ina Halmashauri ya Jiji la Mwanza. Ni jambo jema, 2024 limeleta timu Ligi Kuu. Lakini halmashauri ina barabara, ina madawati, ina madiwani, na 2025 ni mwaka wa uchaguzi. Leo kila kiongozi anataka kupiga picha na timu. Swali ni nani atapiga nayo picha ikiwa ya 12, Februari, mvua inanyesha, na Kirumba kuna watu mia nne. Timu ambayo kila kitu chake kinasubiri kikao cha baraza ipo salama mpaka siku ajenda itakapobadilika.

Fedha siyo kwamba hazipo kabisa kwenye ligi. Mkataba wa Azam Media uliosainiwa 2021 ni wa Sh225.6 bilioni kwa miaka kumi. Kubaki Ligi Kuu maana yake ni kuendelea kula kwenye sahani hiyo. Kinachotakiwa ni Pamba itumie msimu huu, wakati watu bado wana mapenzi, kujijengea vyanzo vyake yenyewe. Jezi ziuzwe mpaka Mwanhuzi na Malampaka, siyo Mwanza mjini tu. Zipo kampuni zinazonunua na kuchambua pamba kanda hii nzima, na timu inayoitwa Pamba inazunguka kutafuta wadhamini kwingine. Mimi hilo limenishinda kuelewa.

La pili ni wachezaji. Kila mwaka UMISSETA inawakusanya vijana wa mikoa yote sehemu moja, Simiyu ikiwemo, bure, bila wakala. Pamba ikiweka mtu mmoja wa kuangalia vijana wa Simiyu, Shinyanga, Mara na Geita, miaka mitatu ijayo mfungaji wake akiuzwa atakuwepo mwingine benchi. Ikiendelea kusajili timu nzima kila dirisha, itakuwa inapanda shamba jipya kila mwaka na kuvuna madeni.

La tatu linatuhusu sisi, na hapa najua nitagombana na watu. Mashabiki wa Bariadi, tunajijua. Siku Simba au Yanga inakuja Kirumba tutajaza Coaster tatu, na humo ndani jezi za Pamba utazihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Tutaingia Kirumba, tutashangilia mgeni, tutarudi usiku tunasema timu za Kanda ya Ziwa hazina mwelekeo. Halafu siku ya Prisons, siku ya Namungo, siku ya pointi zenyewe, hatupo. Mbao ilikufa hivyo. Alliance ilikufa hivyo. Siwakatazi kuipenda Simba wala Yanga, nyumbani kwetu penyewe tumegawanyika. Nasema tu kwamba kiti cha Kirumba kikikaliwa siku ya Namungo kina thamani kuliko kelele za siku ya Yanga.

Kwa hiyo utabiri wangu uandikeni. Pamba itaanza kwa kusuasua, itabadilisha kocha, itatupa presha mpaka Machi, na Mei itakuwa juu ya mstari ikiwa na pointi zake 35, moja zaidi au pungufu. Tutafurahi, tutapiga honi kutoka Mwanza mpaka Lamadi.

Mashabiki wa Geita walipiga honi hizo hizo 2022.